Nani Aliulizwa? Kusoma Madaftari ya Vifo ya Kaunti za Marekani

Tuanze na mstari mmoja tu wa daftari. Sikuutoa kwenye ukurasa wowote maalumu. Nimeupanga kwa mfano wa mingi ya aina yake iliyoandikwa katika jimbo la Virginia, Marekani, miaka ya 1850. Safu ya kwanza ni jina: neno moja tu, bila jina la ukoo. Inayofuata: mweusi, mtumwa. Jina la mmiliki: hilo limeandikwa kamili. Umri: miezi 3. Sababu ya kifo: "smothered", yaani amezibwa pumzi. Mama: neno moja tena. Baba: patupu. Mtoa taarifa: mmiliki.

Hebu isome tena hiyo safu ya mwisho. Mtoto kafa usiku, ubavuni mwa mama yake. Miezi kadhaa baadaye afisa anapita na makaratasi yake kuuliza mwaka huu wamekufa nani. Anayejibu si mama. Anayejibu ni mtu anayewamiliki wote wawili, mama na mtoto. Na alichosema huyo ndicho kilichoandikwa, ndicho kilichohifadhiwa, ndicho mjukuu wa vitukuu wa yule mama anachokikuta leo akitafuta asili yake.

Ukianza kutafuta historia ya ukoo, mtu yeyote mwenye uzoefu atakwambia: anza na kumbukumbu za vifo. Ushauri huo ni mzuri. Kifo ni cha karibu kuliko kuzaliwa, kwa hiyo karatasi yake ni rahisi kuipata, na mara nyingi inataja wazazi, mahali pa kuzaliwa na mwenzi wa ndoa. Lakini kuna jambo dogo linalosahaulika, nalo ndilo nataka ulibebe kutoka kwenye makala hii: kumbukumbu ya kifo haikuandikwa na marehemu. Kila neno lililomo lilitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa hai. Kwa hiyo kabla hujaamini chochote, uliza: nani aliulizwa?

Nimechagua kaunti za Marekani kwa sababu mbili. Kwanza, maelfu ya kurasa zake ziko wazi mtandaoni, unaweza kuzisoma kwa simu yako usiku huu. Pili, zinaonyesha swali hili waziwazi mno, hasa pale waliokufa walipokuwa watumwa na waliojibu walipokuwa mabwana zao.

Kaunti ni nini hapa?

Kama uko Kenya, weka kando kwanza zile kaunti 47 zilizoanza kazi mwaka 2013. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na baadhi zina umri mkubwa kuliko nchi yenyewe. Kwa kawaida kila moja ina mahakama yake na karani wake, na kwa muda mrefu huyo karani ndiye aliyekuwa kumbukumbu ya watu: hati za ardhi, wosia, ndoa, na baadaye vifo.

Hakukuwa na sheria moja ya nchi nzima. Kila jimbo lilijiamulia. Massachusetts ilianza kuandikisha vifo kwa jimbo zima mapema miaka ya 1840. Ohio iliipa mahakama ya mirathi ya kila kaunti kazi hiyo kuanzia 1867 hadi Desemba 1908. Illinois iliwapa makarani wa kaunti kwa sheria ya 1877. Georgia ilisubiri hadi 1919. Ndiyo maana mtu anayetafuta babu zake Ohio anaweza kufika mbali, na mwenzake anayetafuta Georgia akakwama mapema, ingawa wote wana bidii ileile.

Serikali ya shirikisho ilipotaka takwimu za vifo zinazoaminika, iliunda "eneo la usajili". Kwa jimbo kuingia humo lilitakiwa kuonyesha kwamba linasajili angalau asilimia 90 ya vifo vyake. Mwaka 1900 yalikuwemo majimbo 10 tu pamoja na Washington D.C. Texas lilikuwa la mwisho, mwaka 1933. Maana yake ni hii: kabla ya hapo, kutomkuta mtu kwenye daftari hakuthibitishi kwamba hakufa mwaka ule, wala kwamba hakuwepo. Huenda hakuna aliyemwandika.

Mkusanya kodi mwenye orodha ya wafu

Sasa turudi Virginia, kwa sababu pale kilifanyika kitu cha pekee. Mwaka 1853 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuandikisha watu wanaozaliwa na wanaokufa. Halikuajiri watu wapya. Kazi lilimpa afisa wa kodi wa kila wilaya, ambaye tayari alikuwa akizunguka kila mwaka kukadiria mali za watu: farasi, saa, magari ya kukokotwa, watumwa. Akishamaliza kuhesabu mali, anauliza pia: nani kazaliwa, nani kafa?

Fikiria matokeo ya mpangilio huo. Kifo cha Februari kinaweza kuandikwa miezi mingi baadaye. Tarehe imeshasahaulika, anayejibu anabahatisha. Familia iliyohama katikati ya mwaka haipo kuulizwa. Maskini asiye na mali ya kutozwa kodi ana nafasi ndogo ya kutembelewa. Lakini watumwa, kwa kuwa walihesabiwa kama mali, waliingia. Sheria iliyomfanya mtu kuwa kitu cha kutozwa kodi ndiyo hiyohiyo iliyoacha jina lake kwenye karatasi.

Afisa alipeleka orodha kwa karani wa kaunti, na nakala ikapelekwa kwa mkaguzi wa hesabu za jimbo huko Richmond. Kwa hiyo mara nyingi kuna nakala mbili za taarifa ileile, na anayenakili kwa mkono hukosea. Ukiona "Martha" kwenye moja na "Mattie" kwenye nyingine, usiharakishe kusema ni watu wawili. Utaratibu huu uliendelea hadi 1896 ulipofutwa, kisha Virginia ikakaa bila usajili wa jimbo zima hadi Juni 1912. Miaka 16 ya giza. Wengi waliozaliwa utumwani na kufa wakiwa huru walikufa katika pengo hilo.

Ukuta wa 1870

Kwa Wamarekani weusi wanaotafuta asili zao kuna kitu wanachokiita ukuta wa 1870. Sensa ya mwaka huo, ya kwanza baada ya utumwa kufutwa, ndiyo ya kwanza kuwaandika waliokuwa watumwa kwa majina kamili, kama raia wengine. Rudi nyuma kwenye sensa ya 1860 au 1850 na unakuta orodha za watumwa zikiwa na jina la mmiliki, kisha chini yake: mwanamke, 32, mwanamume, 19, msichana, 4. Majina hakuna, isipokuwa mahali pachache sana.

Ndiyo maana daftari la vifo la kaunti ya Virginia la miaka ya 1853 hadi 1865 lina thamani kubwa. Humo kuna jina. Kuna umri, mahali, mwezi, na wakati mwingine jina la mama. Sensa za 1850 na 1860 nazo zilikuwa na orodha ya ziada ya waliokufa katika miezi 12 kabla ya Juni 1, na humo pia watumwa wengi wametajwa, angalau kwa jina la kwanza. Mtu anayejua kwamba bibi wa bibi yake aliishi kwenye shamba la familia fulani anaweza kutafuta jina la familia hiyo kwenye safu ya wamiliki, mwaka hadi mwaka, na kukuta watoto ambao hakuna aliyewahi kuwasimulia.

Ni ufunguo mchungu. Ili umpate mtu wako, inakubidi umtafute kwa jina la aliyemmiliki.

Mstari mmoja, ushahidi wa aina mbili

Watafiti wa historia hugawa habari zilizomo kwenye hati moja katika makundi mawili. La kwanza ni habari ya mtu aliyeshuhudia, iliyotolewa karibu na tukio. La pili ni habari ya kuambiwa, au iliyotolewa muda mrefu baadaye. Hati moja inaweza kubeba zote mbili, na hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Chukua cheti cha mwaka 1920. Tarehe ya kifo na mahali pa kifo: daktari alikuwepo au aliitwa siku ileile. Nzuri. Tarehe ya kuzaliwa ya marehemu mwenye miaka 80: imetoka kwa binti yake, ambaye kwa hakika hakuwepo mama yake alipozaliwa. Jina la bibi mzaa mama: limetoka kwa mtu ambaye huenda hakumwona bibi huyo maishani, na anajibu akiwa kwenye msiba, macho yamevimba, watu wanaingia na kutoka. Zote zimeandikwa kwa kalamu moja na muhuri mmoja, lakini hazina uzito mmoja.

Kwa hiyo kila ukifungua kumbukumbu ya kifo, nenda kwanza kwenye safu ya mtoa taarifa. Madaftari ya Virginia yalikuwa nayo, pamoja na uhusiano wake na marehemu: mume, baba, jirani, mmiliki. Kisha rudi juu, na kwa kila safu jiulize: huyu angelijuaje hili? Jirani anajua siku ya mazishi. Mume anajua jina la mkewe kabla ya ndoa. Mmiliki anajua bei.

"Amezibwa pumzi"

Sasa turudi kwa yule mtoto wa miezi 3.

Katika madaftari na orodha za vifo za enzi ya utumwa kuna maneno mawili yanayojirudia kwa watoto wachanga: "smothered" na "overlaid", yaani kuzibwa pumzi na kulaliwa. Maelezo ya siku zile yalikuwa mepesi: mama amelala fofofo, kamlalia mwanawe, kafa. Wengine walimwita mzembe. Wengine walimshuku kwamba amemuua kwa makusudi. Sehemu kubwa ya taarifa hizo zilihusu watoto wa watumwa, wala si wa mabwana zao, na wapo waliochukua tofauti hiyo kama ushahidi kwamba mama mweusi hajui kulea.

Maneno hayo yalikaa kwenye karatasi kwa zaidi ya karne moja. Kisha mwaka 1975 mwanahistoria wa tiba Todd Savitt, aliyekuwa akichunguza afya ya watumwa wa Virginia, akauliza swali ambalo daktari wa leo angeliuliza: watoto hawa walikuwa na umri gani, na walikufa majira gani? Jibu lilifanana mno na kitu ambacho tiba ilikuwa imekipa jina muda mfupi tu kabla, mwishoni mwa miaka ya 1960: kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Mtoto anayeonekana mzima analazwa, asubuhi anakutwa amekufa. Hutokea zaidi kati ya mwezi wa pili na wa nne, na zaidi wakati wa baridi.

Mwaka 1981 mwanahistoria mwingine, Michael P. Johnson, akaenda hatua moja mbele. Kama wengi wa watoto hao hawakulaliwa na mtu, mbona walikufa zaidi kuliko wengine? Aliwaangalia mama zao wakati wa ujauzito: kazi nzito za shamba hadi siku za mwisho, chakula duni, mapumziko hakuna. Kwa maoni yake mzigo wa lawama ulikuwa umewekwa kwenye kichwa kisichostahili. Kisichoandikwa kwenye safu ya sababu ya kifo kilikuwa kazi yenyewe.

Hatuwezi kumpima mtoto mmojammoja leo na kusema huyu alikufa kwa hili. Huenda wapo waliozibwa pumzi kweli. Lakini angalia tofauti. Neno moja, lililosemwa na mtu mwenye kila sababu ya kutojilaumu, liligeuka kuwa "sababu ya kifo". Kama aliyeulizwa angekuwa mama, pengine safu ile ingesema kitu kingine kabisa. Na kama wewe ni mzao wa mama huyo, ukalisoma neno hilo bila kutazama safu ya mtoa taarifa, unaweza kumrithi bibi yako pamoja na hatia asiyokuwa nayo.

Maneno ya maradhi

Hata pale mtoa taarifa alipokuwa mkweli kabisa, lugha ya maradhi imebadilika. Daftari la karne ya 19 halikuandikwa na daktari mwenye maabara. Liliandikwa na afisa wa kodi aliyeambiwa na mtu wa nyumbani. Haya ni baadhi ya maneno utakayokutana nayo:

- "Consumption": kifua kikuu, kwa kawaida. Lakini mtu yeyote aliyekonda na kukohoa aliweza kuandikwa hivyo.
- "Dropsy": mwili kujaa maji. Hiyo ni dalili tu. Nyuma yake huenda ni moyo, figo au ini.
- "Flux" au "bloody flux": kuhara, au kuhara damu.
- "Lung fever": nimonia.
- "Summer complaint": kuharisha kwa watoto wadogo msimu wa joto, maziwa yanapochacha na maji kuchafuka.
- "Teething": kuota meno. Meno hayaui. Lakini umri wa kuota meno ndio umri wa kuanza kuachishwa ziwa na kupewa vyakula vingine, na hapo ndipo kuharisha kunapoua.

Usitafsiri neno moja kwa ugonjwa mmoja. Sema badala yake: hivi ndivyo walivyoona.

Na usisome mstari wako peke yake. Soma ukurasa mzima. Ukikuta watoto watano wa nyumba za jirani wamekufa wiki mbilitatu zilezile, wote kwa homa na koo, unaangalia mlipuko wa ugonjwa, hata kama kila mmoja ameandikiwa neno lake. Fungua madaftari ya kaunti karibu yoyote, Oktoba 1918, na utaona kurasa zinavyojaa ghafla: ni mafua makubwa yaliyoua watu wapatao 675,000 Marekani. Kifo cha mtu wako ni kimoja, ila ukurasa unakuambia kijiji kizima kilikuwa kwenye hali gani.

Umri unaopenda sifuri

Chukua daftari lolote la zamani uhesabu umri wa watu wazima waliokufa. Utashangaa wangapi walikufa wakiwa na miaka 50, 60, 70, na wangapi wachache wakiwa na 51 au 69. Wataalamu wa idadi ya watu wana kipimo cha jambo hili, kiitwacho kipimo cha Whipple. Huchukua watu wa umri wa miaka 23 hadi 62 na kuangalia wangapi wana umri unaoishia na 0 au 5. Kikisoma 100, hakuna upendeleo wowote. Kikisoma 500, kila mtu ametajiwa umri wa 0 au 5. Kwa lugha ya nyumbani: ni kipimo cha watu wangapi walikuwa wanakisia.

Frederick Douglass, mtoro wa utumwa aliyekuja kuwa mmoja wa wasemaji wakubwa wa Marekani, aliandika mwaka 1845 kwamba hakuwa na ujuzi wa uhakika wa umri wake. Aliishi akiamini alizaliwa karibu na 1817, na alikufa mwaka 1895 bila kujua kwa hakika. Baadaye kabisa, mtafiti Dickson Preston alikuta kwenye daftari la Aaron Anthony, aliyemmiliki Douglass utotoni huko Maryland, kwamba Frederick mwana wa Harriet alizaliwa Februari 1818. Mtu maarufu kiasi hicho, na mwaka wake wa kuzaliwa ulikuwa umefungiwa kwenye daftari la bwana wake. Basi babu wa mtu wa kawaida, aliyeandikiwa "miaka 60 hivi" na jirani, mpe nafasi ya miaka kumi huku na kumi kule.

Mara nyingine umri hutajwa kwa miaka, miezi na siku. Hapo unaweza kupiga hesabu. Tuseme mtu kafa Machi 14, 1881, akiwa na miaka 67, miezi 4 na siku 20. Toa miaka: Machi 14, 1814. Toa miezi: Novemba 14, 1813. Toa siku: Oktoba 25, 1813. Nzuri, lakini usiiandike kama tarehe ya kuzaliwa bila alama ya kuuliza. Usahihi wa hesabu si usahihi wa taarifa.

Mipaka inahama, mahakama zinaungua

Kaunti zilizaana. Idadi ya watu ikiongezeka, kaunti kubwa inagawanywa, na madaftari ya zamani yanabaki kwa mama. Familia inaweza kukaa kwenye shamba lilelile miaka 50 na kuonekana kwenye kaunti tatu. Kwa hiyo kabla ya kutafuta jina, tafuta ramani ya mwaka husika. Mfano mkubwa kuliko yote: mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kaunti za magharibi mwa Virginia zilijitenga zikawa jimbo la West Virginia. Mtu aliyekufa huko mwaka 1858 alikufa Virginia, ila daftari lake leo liko West Virginia.

Tena si kila mahali ni kaunti. Kule New England vifo viliandikwa na miji midogo. Louisiana ina parokia badala ya kaunti. Virginia ina miji inayojitegemea ambayo haimo katika kaunti yoyote. Na moto nao: Virginia ina kaunti zinazoitwa za kuungua, kwa sababu mahakama zao ziliteketea, au kwa sababu walipeleka vitabu Richmond vikae salama wakati wa vita, na Richmond ikawaka Aprili 1865. Hapo ndipo ile nakala ya pili inapookoa jahazi.

Cheti kinapokuja

Karne ya 20 inaleta cheti: karatasi moja, mtu mmoja. Kina sehemu mbili, nawe zitenganishe. Upande wa daktari una tarehe na sababu ya kifo. Upande wa familia una kuzaliwa, wazazi na kazi, ukiwa na jina la mtoa taarifa. Pia kuna jina la mwenye shughuli za mazishi na mahali pa kuzikwa, na hizo ni njia mbili mpya za kufuata.

Pembeni ya sababu ya kifo utaona mara nyingi namba imeandikwa kwa mkono. Ni namba ya orodha ya kimataifa ya sababu za vifo, iliyotokana na kazi ya Mfaransa Jacques Bertillon aliyoiwasilisha Chicago mwaka 1893. Orodha ilirekebishwa kila baada ya miaka kumi hivi, kwa hiyo tumia ya mwaka wa cheti chako: kifua kikuu cha mapafu kilikuwa namba 28 katika toleo la 1909, kikawa 31 katika toleo lililofuata.

Halafu kuna maneno mawili utakayoyakuta tena na tena kwenye vyeti vya watu waliozaliwa utumwani. Jina la baba: "don't know". Jina la mama: "don't know". Sijui. Usipite haraka hapo. Mtoa taarifa huyo angeweza kubahatisha jina kama wengi walivyofanya. Mtu aliyesema sijui amekupa ushahidi mkweli: kwamba kufikia mwaka ule, ndani ya familia ile, jina lilikuwa limeshapotea. Wakati mwingine mwenye kulijua alikuwa dada wa marehemu aliyeishi kaunti ya jirani, ambaye hakuna aliyemuuliza. Tafuta cheti chake yeye.

Sasa zamu yako

Ukitaka kujaribu, anza hivi. West Virginia imeweka picha za madaftari yake ya kaunti mtandaoni bila malipo, mengine tangu 1853. Missouri imeweka vyeti vyake kuanzia 1910, vyenye zaidi ya miaka 50. FamilySearch ina kaunti nyingi, unachohitaji ni akaunti ya bure. Chagua kaunti moja, mwaka mmoja, kisha:

1. Soma ukurasa mzima kabla ya kutafuta jina lolote, uuzoee mwandiko wa karani.
2. Fungua picha yenyewe, usitosheke na faharasa. Faharasa ni kazi ya mtu mwingine aliyesoma mwandiko uleule, naye hukosea. Tena mara nyingi huachwa nje safu ya mtoa taarifa.
3. Nakili mstari kama ulivyo, pamoja na makosa yake na nafasi tupu.
4. Andika pembeni ya kila habari: nani kasema, na angelijuaje.
5. Linganisha na hati nyingine iliyotoka kwa mtu mwingine. Hati mbili zenye mtoa taarifa mmoja ni shahidi mmoja aliyesema mara mbili.

Hatua ya nne ndiyo inayochosha, na ndiyo watu wanayoiruka. Usiiruke. Ukifika kwenye ule mstari wa mtoto wa miezi 3, andika kwenye daftari lako: sababu ya kifo kwa mujibu wa mmiliki, mama hakuulizwa. Ni maneno machache tu, lakini yakikaa hapo, atakayesoma baada yako hatamhukumu yule mama kwa neno la mtu mwingine.